Mashapo ndani ya shaba: fuwele za njiani na nguvu zinazoleta

Mhunzi akiitoa feleji motoni ikiwa nyekundu na kuitia maji, anajua itatoka ngumu. Ndiyo sababu ya kuitia maji. Sasa chukua utepe mwembamba wa shaba iliyochanganywa na berili, asilimia 2 hivi ya uzito, uupashe moto hadi nyuzi 780 za Selsiasi, kisha uutose majini vivyo hivyo. Unatoka laini. Unaukunja kwa vidole na unabaki umekunjika. Unyooshe, uurudishe tanurini, safari hii kwa nyuzi 320 tu, joto ambalo hata haliufanyi uwake rangi, na uuache humo saa 3. Ukiutoa, umeshika kitu kingine. Ukiupinda unaruka na kurudi ulivyokuwa, kama springi, na ukiulazimisha kupita kiasi unakatika badala ya kukunjika. Kabla ya tanuri la pili ulikuwa ukikatika ukivutwa kwa mkazo wa megapaskali 500 hivi. Sasa unastahimili 1,200 na zaidi.

Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Uzito ni ule ule. Ukiupima urefu kwa kifaa makini utakuta umefupika kidogo mno, kama sehemu 2 kati ya 1,000, na huo ufupi mdogo tutaurudia, kwa sababu ni ushahidi unaoonekana nje wa jambo lililotokea ndani.

Kilichobadilika ni mahali zilipo atomu za berili na namna zilivyojipanga. Maelezo mengi huishia kusema kwamba “chembe ndogo zimejitenga ndani ya shaba na zinaifanya iwe ngumu.” Ni kweli, lakini kauli hiyo inaruka kiini cha habari yenyewe. Chembe zinazoipa shaba nguvu hiyo si fuwele ambayo aloi, yaani metali iliyochanganywa, ingetulia nayo mwisho wa yote. Ni fuwele za njiani, za muda, na kazi nzima ya fundi wa aloi hizi ni kuisimamisha safari kabla haijafika.

Tuanze na neno mashapo. Yeyote aliyeyeyusha shabu katika maji ya moto ameona: maji ya moto hubeba shabu nyingi, yakipoa hayawezi tena kuibeba yote, na ile iliyozidi hujitenga na kutua chini ikiwa fuwele. Shaba iliyo katika hali yabisi hufanya hivyo hivyo. Ikiwa na joto kali, atomu ngeni hukaa ndani yake zimetapakaa, kila moja imechukua kiti cha atomu ya shaba. Ikipoa, nafasi hizo zinapungua. Kwa berili, shaba inaweza kubeba takribani asilimia 2.7 ya uzito kwenye nyuzi 866, lakini kwenye joto la kawaida haibebi karibu chochote. Kwa kromi ni takribani asilimia 0.7 kwenye nyuzi 1,077, na ikipoa hali ni hiyo hiyo.

Asilimia hizi za uzito zinadanganya macho. Atomu ya berili ni nyepesi sana, karibu mara 7 kuliko ya shaba, kwa hiyo asilimia 2 ya uzito ni kama atomu 1 ya berili katika kila atomu 8. Huo si unga ulionyunyizwa. Ni wageni wengi ndani ya nyumba.

Tofauti ya shaba na maji ya shabu ni kwamba ndani ya shaba hakuna “chini” pa kutua. Mashapo hujitenga palepale atomu zilipo, katika kila pembe ya kipande, na atomu husafiri polepole mno. Ukiipoza aloi ghafla kwa maji, atomu ngeni hazipati muda wa kutafutana. Zinanaswa zikiwa zimetapakaa, nyingi kuliko ambavyo shaba baridi ingekubali. Ndiyo maana utepe unatoka laini: haujapata mashapo bado. Pamoja nazo kunanaswa kitu kingine ambacho hutajwa mara chache, nacho ni viti vitupu. Kwenye joto kali fuwele ya shaba huwa na nafasi nyingi zisizo na atomu, na atomu husafiri kwa kuhamia kwenye kiti kitupu kilicho jirani. Kupoza ghafla kunaviacha viti hivyo ndani, na baadaye, tanuri la nyuzi 320 linapowashwa, ndivyo vinavyowezesha atomu za berili kutembea haraka kuliko joto hilo dogo lingeruhusu lenyewe. Hatua hiyo ya tanuri la pili nitaiita kukomaza, kwa sababu ndivyo inavyokwenda: ikikatishwa mapema aloi ni mbichi, ikiachwa mno inapitiliza.

Jambo hili halikugunduliwa kwenye shaba. Mwaka 1906 Alfred Wilm, nchini Ujerumani, alikuwa akijaribu kuigumisha aloi ya alumini yenye shaba na magnesi kama vile feleji inavyogumishwa, akakuta vipande vilivyotiwa maji vinazidi kuwa vigumu siku kadhaa baadaye vikiwa vimelala tu. Yeye mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini. Ilipofika 1919, Paul Merica na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba ni kwa sababu uwezo wa alumini kubeba shaba hupungua ikipoa, hivyo kitu fulani kinajitenga ndani. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo mno kuonekana kwa hadubini za wakati huo. Mwaka 1938 André Guinier nchini Ufaransa na George Preston nchini Uingereza, kila mmoja kivyake, waliona katika picha za eksirei michirizi hafifu mahali ambapo fuwele safi ingetoa nukta tu. Michirizi hiyo ilikuwa alama ya visahani vya unene wa atomu moja au chache. Hadi leo visahani hivyo huitwa kanda za Guinier na Preston, na kwa ufupi kanda za GP.

Kwa nini visahani, na kwa nini si fuwele kamili moja kwa moja?

Shaba hujipanga kwa michemraba: atomu moja katika kila kona na moja katikati ya kila uso. Nitauita mchemraba wa nyuso. Upande wake ni nanomita 0.3615, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Kuna mpangilio mwingine utakaohitajika, wenye atomu kwenye kona na moja katikati kabisa ya mchemraba; huo nitauita mchemraba wa moyo. Kromi safi hujipanga hivyo, na chuma cha kawaida pia.

Fuwele mpya inapozaliwa ndani ya shaba, inapata faida na inalipa gharama. Faida ni utulivu wa atomu zilizopata mpangilio unaozifaa. Gharama ni mpaka. Pale fuwele mbili zisizolingana zinapokutana, atomu za mpakani zinabaki na vifungo vilivyopinda au kukatika, na kila eneo la mpaka linadai nishati yake. Chembe ikiwa ndogo sana, karibu atomu zake zote ziko mpakani, hivyo gharama inazidi faida na chembe inayeyuka tena. Lazima ivuke kilima kwanza. Urefu wa kilima hicho unategemea nishati ya mpaka ikipandishwa kipeo cha tatu. Soma tena hapo, maana ndipo habari yote ilipo. Mpaka ukiwa nafuu mara 5, kilima kinashuka mara 125. Fuwele ambayo si tulivu sana, lakini ambayo safu zake za atomu zinaungana na safu za shaba bila kukatika, inakivuka kilima mapema kuliko fuwele tulivu yenye mpaka wa gharama. Wilhelm Ostwald aliona tabia ya namna hii katika kemia na kuiandika mwaka 1897: dutu inayoacha hali isiyo tulivu haikimbilii hali tulivu kupita zote, bali ile iliyo jirani nayo zaidi.

Kwa berili ndani ya shaba, njia hiyo ya hatua kwa hatua inaweza kufuatwa kwa vipimo, na mimi sijaona mfano mwingine unaoieleza vizuri zaidi. Atomu za berili ni ndogo kuliko za shaba. Zinapokusanyika kwanza, zinatengeneza tabaka la unene wa atomu moja juu ya uso wa mchemraba wa shaba. Hiyo ni kanda ya GP. Mpaka wake haugharimu karibu chochote, kwa sababu hakuna safu iliyokatika. Atomu za berili zimekalia viti vile vile vya shaba. Lakini kwa kuwa ni ndogo, matabaka ya shaba ya pande mbili yanaangukia ndani kidogo na shaba iliyo jirani inavutika.

Kisha matabaka yanaongezeka, la berili, la shaba, la berili, la shaba. Hapa inafaa kuutazama mchemraba wa nyuso kwa jicho lingine. Ukichora ndani yake mraba mdogo uliogeuzwa nusu ya robo ya mzunguko, unapata kisanduku chenye atomu moja katikati, upana wa nanomita 0.2556 na kimo cha 0.3615. Ni mchemraba wa moyo uliorefushwa kwenda juu. Matabaka ya berili yakipishana na ya shaba, kisanduku hicho kinabonyea: hatua ya kati, ambayo wataalamu huiita gama pacha, ina upana wa karibu 0.254 na kimo cha karibu 0.324. Upana bado unalingana na shaba, kimo kimeanza kuacha. Wapo walioueleza mpangilio huu kuwa na pembe iliyoinama kidogo na wapo walioueleza kuwa wima. Ni kawaida kwa kitu chenye unene wa nanomita chache kinachotazamwa kikiwa kimezikwa ndani ya fuwele nyingine. Mwisho kabisa, baada ya hatua nyingine moja katikati, kinapatikana kisanduku chenye pande zote sawa, nanomita 0.270, berili moyoni na shaba konani. Hiyo ndiyo fuwele tulivu, CuBe, atomu moja ya shaba kwa moja ya berili.

Kutoka 0.3615 hadi 0.324 hadi 0.270: ni kisanduku kile kile kikibanwa kimo mpaka kiwe mchemraba. Ndani ya CuBe atomu zimebanana kuliko zilipokuwa zimetapakaa katika shaba. Ule ufupi wa sehemu 2 kati ya 1,000 tuliouona kwenye utepe ni huu, umejumlishwa kutoka chembe zisizohesabika. Fundi anayetengeneza kipande kinachotakiwa kuingia mahali pake kwa usahihi lazima auhesabie mapema.

Sasa tuingie kwenye nguvu. Metali haipindi kwa safu nzima za atomu kuteleza kwa pamoja. Inapinda jinsi zipu inavyofunguka, jino moja baada ya jingine. Mahali ambapo “zipu” imefikia ndani ya fuwele ni mstari wa hitilafu unaoitwa dislokesheni, na mwaka 1934 Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi waliueleza, kila mmoja kwa njia yake. Katika shaba safi mistari hii hutembea kwa urahisi mkubwa, na ndiyo maana shaba safi iliyolainishwa inakatika kwa megapaskali 220 hivi tu. Ukitaka shaba ngumu, weka vizuizi njiani.

Mstari ukikutana na chembe una njia mbili. Ya kwanza ni kuikata. Hilo linawezekana pale safu za atomu za chembe zinapoungana na za shaba, kwani mstari unaweza kuendelea kuingia ndani. Lakini kuikata kuna bei: shaba inayoizunguka imevutika, na ndani ya chembe, berili iliyokaa kwa zamu na shaba inavurugwa zamu yake. Kadiri chembe inavyokua, bei inapanda. Njia ya pili ni kuizunguka. Mstari unapinda kati ya chembe mbili, unakutana nyuma yake na kuacha pete. Orowan ndiye aliyeieleza. Mkazo unaohitajika hapo hautegemei tena ugumu wa chembe, unategemea nafasi kati yao. Kwa shaba, chembe zikiwa nanomita 50 kutoka moja hadi nyingine, mkazo huo wa kutelezesha safu ni kama megapaskali 230. Zikiwa nanomita 500, ni 23.

Na nafasi hiyo inaamuliwa na ukubwa, kwa kuwa kiasi cha mashapo ni kile kile. Fanya hesabu kwa aloi ya kromi ambayo mashapo yake yote yanachukua asilimia 0.8 ya ujazo. Zikiwa chembe za mviringo wa kipenyo cha nanomita 5, ndani ya mchemraba wa mikromita moja kila upande kutakuwa na zaidi ya chembe 120,000. Zikikua hadi nanomita 50, zitabaki takribani 120. Kubwa zinakula ndogo, kati yao panakuwa uwanja, na mistari inapita. Ndiyo maana ya kupitiliza: aloi ina mashapo mengi kama awali, fuwele zake sasa ni kamilifu na tulivu, na imekuwa laini. Ugumu wa juu kabisa unapatikana karibu na pale chembe zinapokuwa kubwa za kutosha kuwa ghali kuzikata lakini bado ni nyingi kiasi cha kufanya kuzizunguka kuwe ghali pia. Kwa aloi hizi hapo ni nanomita chache. Fuwele ya njiani, yenye mpaka nafuu, ndiyo pekee inayoweza kuzaliwa kwa wingi wa namna hiyo. Fuwele kamili, kwa kilima chake kirefu, huzaliwa chache na kubwa.

Shaba ina sababu ya ziada ya kutaka mashapo kuliko alumini au feleji, nayo ni umeme. Elektroni zinazobeba umeme hupita kwa wepesi katika fuwele iliyopangika na husumbuliwa na kila atomu iliyokaa kiti kisicho chake. Atomu 1,000 zilizotapakaa zinasumbua sana. Atomu hizo hizo 1,000 zikikusanywa katika chembe moja zinasumbua kidogo, maana shaba iliyobaki imesafika. Kwa hiyo ukiikomaza aloi ya shaba, ugumu na upitishaji umeme hupanda pamoja, jambo adimu, kwani karibu kila njia nyingine ya kuigumisha shaba hupunguza upitishaji wake. Upitishaji hulinganishwa na kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1913, ambapo shaba iliyolainishwa yenye megasimensi 58 kwa mita ni asilimia 100. Aloi ya berili ya asilimia 2 hubaki kwenye asilimia 22 hadi 28, kwa sababu si berili yote inayotoka. Aloi ya kromi na zirkoni hufika asilimia 80 hivi, ingawa nguvu yake ni theluthi tu ya ile ya berili. Kila aloi inachagua mahali pake kati ya hizo mbili, na kinachochagua hasa ni fuwele gani inayojitenga na kwa ukamilifu gani.

Kromi ndiyo inayonivutia zaidi baada ya berili, kwa sababu imezua mabishano ya miaka mingi. Kromi safi ni mchemraba wa moyo, upande wa nanomita 0.2885. Lakini chembe za kwanza zinazojitenga kwenye nyuzi 450 au 500, za upana wa nanomita chache, zimeonekana kuwa na mchemraba wa nyuso, yaani zimeazima mpangilio wa shaba. Kromi haina mpangilio huo ikiwa peke yake. Inaukubali kwa sababu mwenyeji ameizunguka pande zote na mpaka unakuwa karibu bure. Zikikua, gharama ya kujilazimisha inazidi akiba ya mpaka, nazo zinageuka kuwa mchemraba wa moyo. Kugeuka huko hakufanyiki ovyo. Tabaka lililobanana kuliko yote katika kromi hulala sambamba na tabaka lililobanana kuliko yote katika shaba, na kuna namna mbili za kulilaza, zinazoitwa kwa majina ya Kurdjumov na Sachs, na ya Nishiyama na Wassermann. Kati ya namna hizo mbili kuna tofauti ya kuzungusha nyuzi 5.26 tu. Mtafiti mmoja akitazama sampuli iliyokomazwa saa 1 na mwingine iliyokomazwa saa 10, wanaweza kuripoti fuwele tofauti na wote wakawa wakweli.

Zirkoni ilikuwa na mabishano ya namna nyingine. Kwa miongo mashapo yake yaliandikwa kuwa Cu3Zr, kisha Cu4Zr. Siku hizi wengi wamekubaliana juu ya Cu5Zr, mchemraba mkubwa wa upande wa nanomita 0.687. Kromi na zirkoni hutumika pamoja katika ncha za mashine za kuchomelea mabati kwa nukta, na katika ITER, mtambo wa utafiti wa muungano wa nyuklia unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ambapo mabomba ya aloi hiyo yatabeba maji ya kupoza nyuma ya vigae vya tangsteni. Shida ya wahandisi wake inaeleweka sasa: kuunganisha vipande kunahitaji joto kali, na joto kali linayapitilisha mashapo.

Katika aloi ya nikeli na silikoni, iliyogunduliwa na Corson mwaka 1927 na bado ikiitwa kwa jina lake, kanuni ya fuwele inaonekana hadi kwenye mizani ya kiwandani. Mashapo ni Ni2Si, atomu 12 katika kisanduku cha pembe za mraba chenye pande tatu tofauti: karibu nanomita 0.37, 0.50 na 0.71. Nikeli 2 kwa silikoni 1, kwa uzito, ni 4.2 kwa 1. Fundi akikosea akaweka silikoni zaidi, ile iliyozidi haina mwenzi wa kujitenga naye, inabaki imetapakaa ndani ya shaba, na upitishaji umeme unashuka. Hivyo fomula ya fuwele isiyoonekana kwa macho ndiyo inayoandika mizani. Umbo la chembe nalo linafuata vipimo. Upande wa 0.37 unakaribiana na mchemraba wa shaba wa 0.3615, na ule wa 0.50 unakaribiana na umbali wa 0.51 kutoka kona hadi kona ya uso wa mchemraba huo. Upande wa tatu haukubaliani na shaba. Chembe inakua kwa upana kuelekea pande mbili zinazokubaliana na kubaki nyembamba kuelekea ule mkaidi, na matokeo ni visahani. Aloi hii imekuwa chaguo la viunganishi vidogo vya umeme vinavyotakiwa kubana kwa miaka bila kulegea, na haina hatari ya berili, ambayo vumbi na moshi wake vikivutwa huweza kuleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Kipande kizima cha shaba ya berili hakimdhuru anayekishika. Kukisaga, kukikwangua na kukiyeyusha ndiko kunakohitaji kinga.

Titani haingoji hata kuvuka kilima. Ikiwa asilimia 3 au 4, atomu zake huanza kujitenga kila mahali kwa wakati mmoja, kama mawimbi: hapa zimezidi, pale zimepungua, kwa mpigo wa nanomita kadhaa. Kutoka humo inajitokeza Cu4Ti yenye kimo cha nanomita 0.362, kinacholingana kabisa na shaba, na ugumu wake unakaribia ule wa berili. Ikiachwa mno, fuwele nyingine ya Cu4Ti, yenye mpangilio tofauti, inachipuka kwenye mipaka ya punje za shaba, yaani fuwele ndogo ndogo zinazokiunda kipande, na kusonga ndani ikiwa matabaka manene, ikimeza zile nzuri.

Nimeacha chuma mwisho. Chuma safi katika joto la kawaida ni mchemraba wa moyo, nacho huvutwa na sumaku. Mchemraba wa nyuso hukipata kati ya nyuzi 912 na 1,394 tu. Lakini kikijitenga ndani ya shaba kama vitone vya nanomita chache, kinachukua mchemraba wa nyuso na kubaki nao aloi ikipoa hadi joto la kawaida, na hata vitone hivyo vidogo vikitumbukizwa katika nitrojeni kimiminika. Shaba inayokizunguka haikipi nafasi ya kugeuka. Ning'iniza sumaku ndogo yenye nguvu kwa uzi mwembamba, usogeze karibu utepe wa aloi hiyo uliokomazwa vizuri, na sumaku haijali, ingawa utepe una chuma asilimia 2. Kisha pitisha utepe huo huo kati ya rola mara kadhaa mpaka uwe mwembamba. Mistari ya dislokesheni imepita ndani ya vitone, imevisukuma, na vitone vimepata kile vilichonyimwa tangu kuzaliwa: vimegeuka mchemraba wa moyo. Sogeza tena. Safari hii uzi unainama kuelekea shaba.